Miguguli ya Garok

Katika bonde la Garok ilikuwa imebaki miguguli thelathini na mmoja, na Shahdost aliijua yote kama mfugaji anavyowajua mbuzi wake. Huu umepinda mgongo, ule umekalia jiwe, ule mwingine umegawanyika shina kama mapacha. Haikuwa miti ya kumvutia mgeni. Ilimfikia mtu kifuani, ilikuwa na miiba, gome lake lilibambuka kama ngozi iliyoungua jua, na kwa miezi tisa ya mwaka haikuwa na jani hata moja. Mpita njia angeapa kwamba imekufa. Lakini ukiuchanja mguguli unatoa utomvu wa rangi ya asali, wenye harufu iliyo karibu na ya manemane, na utomvu huo ndio guguli yenyewe. Waganga wanaitafuta kwa maumivu ya viungo, kwa kifua, kwa unene, na walanguzi wa Karachi wanainunua kwa kilo bila kuuliza imetoka wapi.

Zamani vilima vyote vile, kuanzia mdomo wa mto mpaka kwenye miinuko ya udongo wa kijivu inayotazama bahari, vilikuwa vimejaa miguguli. Shahdost aliiona kwa macho yake. Baba yake alikuwa mchanjaji, naye alichanja kwa adabu: jeraha moja dogo kwa kila mti, wakati wa baridi peke yake, kisha mti unaachwa miaka miwili upumzike. Halafu likaja rojo. Lilikuwa dawa ya kuivishia matunda, iliyokorogwa na guguli kuukuu na maji. Unakata gome, unapaka, na mti unatoa kwa mwezi mmoja kile ambacho ungekitoa kwa miaka mitano. Baada ya hapo unakauka. Hakuna mguguli uliowahi kupona rojo.

Shahdost alikuwa na miaka ishirini na miwili alipopewa kopo lake la kwanza. Kwa misimu minne alipaka mabonde manne, bonde moja kila msimu, na kwa fedha hizo akaoa. Alipolifikia la tano, ambalo ni Garok, alimkuta baba yake ameketi mlangoni mwa bonde, amejifunga shuka magotini, hataki maji wala mkate. Alikaa hapo siku mbili. Siku ya tatu kijana akarudi nyumbani na kopo lake likiwa limejaa. Baba na mwana hawakulizungumza jambo hilo tena, na mwaka uliofuata mzee akafa kwa homa.

Ndiyo maana, serikali ilipoifanya nchi ile kuwa hifadhi na kutafuta walinzi wenyeji, Shahdost alikuwa wa kwanza kwenda kuandikisha jina. Sasa alikuwa na miaka hamsini na tisa, kumi na saba kati ya hiyo akiwa mlinzi. Kila mwezi alijaza fomu. Palikuwa na mstari wa mamba wa mtoni, mstari wa mbuzi-mwitu wenye pembe za kupinda, mstari wa tandawala, ndege wanaokuja na baridi. Mstari wa mguguli haukuwepo. Mguguli aliuhesabu kwa hesabu yake mwenyewe, na alichokitaka kilikuwa kimoja tu: Garok isimfie mikononi.

Kwa miaka sita mfululizo mvua ililikwepa bonde lile. Mwaka wa saba, mwezi wa Januari, ikanyesha siku mbili bila kupumua. Shahdost alipanda Garok wiki mbili baadaye, matope bado yakimfika kwenye kifundo, akakuta miguguli yote imevaa majani. Alizunguka mti mmoja baada ya mwingine akiigusa, yote ila mmoja ulio juu kwenye ufa wa jabali. Chini ya ule uliopinda mgongo akaona kitu ambacho hakuwa amekiona tangu ujana wake: miche. Kumi na mmoja, kila mmoja mrefu kama kidole.

Aliporudi, mkewe Ganjatun alimtazama, akaacha kukanda unga.

"Umekuja na uso wa mtu aliyepata mjukuu," alisema.

"Nimepata kumi na mmoja."

"Basi kaoge. Wajukuu wako wamekupaka matope mpaka kwenye ndevu."

Siku mbili baadaye, jua likiwa utosini, Dilmurad alifika kwa pikipiki. Dilmurad alikuwa ndugu wa Ganjatun, mdogo wake wa mwisho, na hawakuwa wamemwona kwa miaka minne. Alitandikiwa mkeka wa miyaa, akapewa maji, na alipokwisha kunywa watu wakanyamaza, maana ilikuwa zamu ya hali.

Kwa Wabaluchi, watu wakikutana, hakuna mazungumzo kabla ya hali. Mgeni anaulizwa, naye anaitoa kwa mpangilio wake: ametoka wapi, amelala wapi, nani amekufa na nani amejifungua, bei ya unga, bei ya mbuzi, na mwisho mvua, wapi imenyesha na wapi kumeota. Kisha mgeni naye anauliza, na mwenyeji anatoa yake. Hali haifichwi. Katika nchi ambayo wingu linamwaga maji bonde hili na kuliruka lile, anayeficha mvua ameua mifugo ya mwenzake. Mtu anaweza kudanganya sokoni, anaweza kudanganya mahakamani, lakini mwongo wa hali haozwi binti wa mtu.

Dilmurad akatoa hali yake. Alikuwa Karachi, akafanya kazi kwenye boti ya kuvua kamba, boti ikauzwa. Mama mdogo amefariki, Mungu amrehemu. Unga umepanda. Sasa anafanya kazi za huku na kule, akasema, na hapo sauti yake ikapita haraka kama mtu anayeruka shimo. Shahdost hakulisikia shimo lile. Alikuwa ameijaza hali yake mwenyewe kifuani, akingoja kuulizwa.

"Na wewe, shemeji," Dilmurad akasema. "Tupe hali."

Ganjatun, aliyekuwa upande wa pili wa pazia na birika, alikohoa. Halafu akaliweka birika juu ya jiwe kwa kishindo. Shahdost alisikia, akadhani chai imemwagika. Akatoa hali yote, na alipofika kwenye mvua sauti yake ikainuka bila yeye kutaka. Garok imenyesha siku mbili. Nyasi zimefika kwenye kifundo. Miguguli thelathini na mmoja imetoa majani, na chini yake kuna miche.

"Mungu aongeze," Dilmurad akasema, akanyoosha mkono kuchukua tende. Hakuuliza zaidi. Alikunywa vikombe vitatu, akamtania dada yake kwamba amenenepa kama mke wa mbunge, akalala kidogo, na jua lilipopoa akaondoka.

Ganjatun alisubiri mpaka mlio wa pikipiki ukapotea.

"Umemwambia."

"Ameniuliza hali."

"Angekuomba ufunguo wa sanduku, ungempa?"

"Ufunguo si hali, mama Hani."

"Mimi na yule tumenyonya ziwa moja," Ganjatun akasema. "Akiomba kitu mara kumi, hakitaki. Akikiuliza mara moja akanyamaza, ujue ameshakitia mfukoni."

Shahdost alimjibu kwamba hawezi kumpa ndugu wa mkewe hali nusu nusu. Lakini neno lilimwingia, na usiku ule hakupata usingizi mzuri. Aliazimia kupanda Garok kesho yake. Kesho yake mhifadhi, Bwana Abdulsattar, akatuma ujumbe kwamba walinzi wote wanatakiwa kwenye mdomo wa mto, kuwahesabu ndege wa baridi. Kazi ilichukua siku kumi na mbili. Waliwahesabu heroe, waliwahesabu mwari, na kila jioni Shahdost aliangalia upande wa milima, akajiambia kwamba shemeji ni shemeji.

Siku ya kumi na tatu alipanda. Harufu ilimpokea kabla hajaona kitu. Bonde zima lilinukia kama duka la ubani, na akajua. Miguu yake iliendelea kutembea, lakini alikuwa ameshajua.

Walikuwa wamekata vizuri, mikato mitatu kwa kila shina, na katika kila mkato rojo la kijivu limeshindiliwa kwa kidole. Utomvu ulikuwa unashuka wenyewe, mzito, ukichuruzika hadi kwenye vipande vya bati vilivyokunjwa na kutegwa chini. Majani bado yalikuwa ya kijani, maana mti wenyewe haukuwa umepata habari. Chini ya mguguli uliopinda mgongo palifungwa punda. Palikuwa na kinyesi chake na alama ya kamba, na mahali penye miche kumi na mmoja palikuwa pamelambwa mpaka udongo.

Shahdost alitoa kisu, akaanza kulikwangua rojo kwenye mti wa kwanza. Akaosha kidonda kwa maji ya kunywa, akakiziba kwa tope. Akaenda wa pili. Maji yalikwisha kwenye wa nne, akaendelea kwa kukwangua tu. Hakukuwa na mtu katika milima ile aliyejua kuliko yeye kwamba haisaidii. Dawa ikishaingia imeingia, kuikwangua ni sawa na kumpangusa mdomo aliyekwisha kumeza sumu. Hata hivyo alikwangua, mpaka alipofika kwenye wa tisa na kumwona Dilmurad ameketi juu ya jiwe na kopo kati ya miguu, vidole vyote vikiwa vimenata guguli.

"Usijichoshe, shemeji," Dilmurad akasema kwa upole. "Wewe ndiye unayejua."

Dilmurad akaendelea kusema. Wenzake wawili wameshateremka na mzigo wa kwanza. Yeye anadaiwa mjini na watu ambao hawasubiri, na bonde hili lingeliwa na mtu mwingine kama si yeye. Aliyasema haya kama anayeyasoma mahali. Kisha akainua macho.

"Nimefanya nini ambacho wewe hukufanya? Dada yangu ulimwoa kwa kopo kama hili. Tulikula pilau ya harusi ile, mimi nilikuwa na miaka sita, nakumbuka nyama ilivyokuwa nyingi."

Shahdost akafuta kisu kwenye suruali. Akatoa simu, akatazama ukingo wa juu, ambako mtandao unapatikana, akaanza kupanda. Hapo Dilmurad akaelewa kwamba hili halikuwa jambo la kugombana na kupatana. Akaacha kopo, akamkimbilia, akapiga magoti kwenye changarawe na kuushika upindo wa kanzu yake kwa vile vidole vinavyonata.

"Mimi bahoti wako," akasema.

Aliyeshika upindo wa nguo ya mtu na kutamka neno hilo amekuwa amana ya nyumba ya mtu huyo. Hata akiwa amemwua ndugu yako, humtoi. Babu za Shahdost walipigana miaka mingi kwa sababu ya bahoti wasiomjua hata jina, na wakazikwa kwa heshima.

"Achia," Shahdost akasema.

"Siachii. Sema neno."

"Ulijua ningekupokea, ndiyo maana umelisema."

"Ndiyo," Dilmurad akasema. "Nilijua."

Upepo wa baharini ulikuwa unapanda bondeni, ukizidi kuleta ile harufu. Shahdost akairudisha simu mfukoni.

"Twende nyumbani," akasema.

Ganjatun alipowaona wakija pamoja, na kuona mikono ya mdogo wake, hakuhitaji kuelezwa. Alisimama mlangoni.

"Mtoe," akamwambia mumewe.

"Ni bahoti."

"Ni mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni, na mimi nakwambia mtoe. Nani ana haki zaidi juu yake, wewe au mimi?"

"Hakushika nguo yako, mama Hani. Ameshika yangu."

Ganjatun akawapisha. Alimpikia Dilmurad kila siku aliyokaa pale, wala hakumnyima samaki wala siagi, lakini sahani alimwekea chini bila salamu. Siku ya kwanza tu ndipo alipomsemesha. "Kula," alimwambia. "Mkate hauna kosa."

Siku ya nne alikuja mhifadhi Abdulsattar. Mtu mmoja alikuwa amewaona punda wawili wamebeba makopo, na fununu ikafika ofisini. Alikuwa Mbaluchi wa upande wa Ormara, mtu mpole, mwenye kisukari, na alikunywa chai yake bila sukari huku akiangalia pikipiki ya mgeni iliyofunikwa mkeka uani. Akauliza Garok ikoje.

Shahdost angeweza kusema lolote. Alimweleza yote. Miguguli thelathini imepakwa rojo na itakufa. Mmoja umesalia kwenye ufa wa jabali, mahali asipofika mtu bila kamba. Aliyekata ni shemeji yake, na njia alionyeshwa na ulimi wake yeye Shahdost, katika hali. Yumo chumba cha nyuma. Ni bahoti, na hatatolewa.

Mtu wa kutoka mbali angeingia kwa nguvu. Abdulsattar alikigeuza kikombe chake juu ya sinia.

"Ungenidanganya ingekuwa rahisi kwangu," akasema.

"Najua, bwana."

"Basi nipe sare, na ufunguo wa pikipiki ya ofisi."

Ganjatun ndiye aliyeileta sare. Aliifua kwanza, Abdulsattar akangoja ikauke.

Dilmurad aliondoka siku ya kumi na tisa, alfajiri, baada ya kusikia kwamba hatafutwi tena. Kopo alilipitia Garok akaenda nalo. Mwisho wa Machi majani ya miguguli yalianza kuwa ya manjano. Katika Aprili utomvu uligeuka mweupe, ukawa kama maziwa yaliyokatika, kisha ukakoma. Kiangazi kilipofika, gome lilivunjika ukiligusa kwa kidole. Shahdost alikuwa akipanda kila wiki, sasa kwa miguu, na hakuna aliyemlipa. Alijikuta anaihesabu ile ile, ishirini na tisa, thelathini, kwa mazoea, mpaka majira ya joto yalipokwisha na wakata kuni wakaja kuichukua. Haikufaa hata kwa kuni. Ilitoa moshi mwingi na moto kidogo.

Ukabaki ule wa jabalini. Aliuangalia kutoka chini, umbali wa mikuki minne juu ya kichwa chake, matawi yake machache yamejikunja kwenye ufa. Bwana mmoja wa miti aliyewahi kupita na Abdulsattar alisema kwamba mguguli mmoja waweza kuzaa mbegu peke yake, ingawa nyingi huwa tupu. Shahdost aliyashika maneno ya "waweza" akayaacha ya "tupu". Akaondoa mawe chini ya jabali, akalainisha udongo, akazungushia miiba.

Januari iliyofuata mvua ikarudi Garok. Si siku mbili, ilikuwa mchana mmoja, lakini ilitosha. Nyasi ziliota kati ya visiki, na ule wa jabalini ukatoa majani. Ndani ya uzio wa miiba palikuwa na nyasi tu. Shahdost alipiga magoti akazipekua kwa vidole, jani baada ya jani. Siku iliyofuata alirudi akapekua tena. Siku ya tatu aliona kitu chekundu kidogo, tunda lililoanguka, akalipasua kwa ukucha. Lilikuwa tupu. Hata hivyo alilifukia.

Alipokuwa anateremka siku hiyo, alimkuta Pirdad kwenye kivuko cha mto. Pirdad alikuwa mfugaji wa koo za milimani, kijana wa miaka thelathini hivi, na nyuma yake kulikuwa na mbuzi kama arobaini, mbavu zikihesabika, na mkewe juu ya ngamia akiwa amepakata vitoto vya mbuzi viwili ndani ya shali. Walikuwa wametembea siku tano. Watu wote walimheshimu Shahdost, hata zaidi tangu alipopoteza kazi kwa ajili ya bahoti, na Pirdad aliishika mikono yake yote miwili kabla ya kuketi.

"Ami Shahdost," akasema, "tupe hali."

Shahdost akatoa hali. Nani amekufa pwani na nani amejifungua. Bei ya unga. Samaki hawapo, boti kubwa zimekuja. Alivyokuwa anasema aliwaona mbuzi wakivuta pua juu, kuelekea mdomo wa bonde, na aliwajua mbuzi. Wangemaliza nyasi kwa siku tatu. Kisha wangebomoa uzio, wangekula kilichopo na ambacho huenda kingekuwepo, na Pirdad angekwenda na kumpa mtu mwingine hali, kwamba Garok ina nyasi na mguguli mmoja jabalini, na mtu huyo angekuwa na kamba.

"Na mvua?" Pirdad akauliza, maana Shahdost alikuwa amenyamaza.

"Garok haijanyesha."

"Tuliona wingu upande ule, ami. Juma lililopita."

"Lilipita."

Macho ya Pirdad yalikuwa yameteremka. Viatu vya Shahdost vilikuwa na tope bichi mpaka juu ya kifundo, tope jekundu la Garok, ambalo halipatikani mahali pengine mtoni pale. Pirdad alilitazama, kisha akatazama pembeni upesi, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mzee uchi. Angeweza kupita. Hakukuwa na mlinzi wa kumzuia. Lakini mbuzi wa mtu hawaingii bonde alilonyimwa kwa hali.

"Heri," akasema, kama inavyopasa kuijibu hali. "Mungu akulipe, ami. Umetupunguzia mwendo."

Akasimama, akamwita mkewe, wakaanza kuwageuza mbuzi, jambo lililochukua muda mrefu, maana mbuzi hawakutaka.